Jina Kwenye Skrini ya Ukumbini

Habari yenyewe ilikuwa na sentensi tatu tu. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

«Tunampongeza Bi. M. wa Ofisi ya Udahili na Kumbukumbu kwa kustaafu baada ya miaka 23. Kama wengi mnavyojua, amekuwa akipitia kipindi kigumu kiafya, na wanaopenda bado wanaweza kumchangia saa za likizo kupitia idara ya utumishi. Karibuni tule keki Jumatano saa nane mchana, chumba cha wafanyakazi.»

Ilitoka Ijumaa, saa kumi kasoro robo jioni, kwenye jarida la wafanyakazi la chuo kimoja cha jamii huko California. Aliyeiandika alimpenda Bi. M. na aliamini anamfanyia wema. Hakubuni kitu: miaka ilikuwa 23 kweli, kustaafu kulikuwa kweli, ugonjwa ulikuwepo na keki ilikuwa imeshaagizwa. Lakini kufikia Jumatatu chama cha wafanyakazi kilikuwa kimeshaandika barua, makamu wa rais wa chuo alikuwa ameshaomba radhi kwa namna iliyoongeza moto, na Bi. M. hakuonekana dirishani kwake.

Chuo sitakitaja, na mambo kadhaa yanayoweza kumtambulisha mhusika nimeyabadilisha. Nimeshughulika na mawasiliano ya vyuo vya namna hii, na visa vya taarifa kuvuja nimeviona vya kila aina. Hiki ni tofauti. Hakuna mdukuzi hapa, hakuna aliyeiba faili, wala hakuna mbeya wa ofisi wa kumsingizia. Karibu kila kipande cha taarifa kilipita mlango wake wa kawaida. Madhara yalikuja pale vipande vilipokutanishwa.

Jarida la Ijumaa

Chuo cha jamii cha Marekani ni chuo cha umma cha miaka miwili kinachopokea karibu kila anayebisha hodi: kijana aliyemaliza sekondari, mama wa miaka 45 anayerudi shule, fundi anayetaka cheti cha uchomeleaji, mhamiaji anayejifunza Kiingereza. Cha kwanza cha umma kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901. California iliruhusu masomo ya namna hiyo kwa sheria ya 1907, na Fresno ikafungua chuo cha kwanza cha jimbo hilo mwaka 1910. Leo jimbo lina vyuo 116 chini ya wilaya 73, na mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa kila yuniti ya somo.

Kwa kisa chetu, jambo la kuangalia ni watu wanaofanya kazi humo. Kuna wakuu, kuna walimu wa kudumu, kuna walimu wa muda ambao ni wengi sana, na kuna kundi la makarani, mafundi, wahudumu wa maktaba, watunza bustani na wafanya usafi. Bi. M. alikuwa wa kundi hili la mwisho. Mwalimu humjua mwanafunzi kwa muhula mmoja au miwili. Karani wa udahili humwona akija na fomu yake ya kwanza, akirudi kubadilisha somo, akirudi kuomba nakala za matokeo, na miaka kadhaa baadaye akimleta mdogo wake kuandikishwa. Karani wa dirishani ndiye sura ambayo mji mzima huikumbuka ukisikia jina la chuo. Rais wa chuo akipita sokoni, wengi hawamtambui.

Watu hawa hawakutani. Walimu wa muda wanafundisha vyuo viwili vitatu kwa wiki moja na wakimaliza kipindi wanakimbilia garini. Makarani hawatoki madirishani. Wafanya usafi wanaingia wengine wakitoka. Kwa hiyo jarida la Ijumaa, ambalo mtu wa nje angeliona kama karatasi ya salamu, ndilo linalomfanya mtunza bustani wa kampasi moja ajue kwamba mwenzake wa kampasi ya pili amepata mjukuu. Lina sehemu zake za kudumu: Karibuni, Hongera, Wanaostaafu, Pole, Matukio. Nani kapanda cheo, nani kafiwa, lini kuna uchangiaji damu, lini ghala la chakula cha wanafunzi linafunguliwa, lini ni mazoezi ya mahafali. Mhariri wake ni mtu mmoja, na jarida ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni mabango na kupiga picha kwenye hafla. Habari humfikia kwa kuambiwa, kwa kusikia, na kwa kupekua alichopata.

Taarifa ilivyosafiri

Kipande cha kwanza kilitoka kwenye ajenda ya bodi. Vyuo hivi vinaongozwa na bodi ya wadhamini wanaochaguliwa kwa kura na wananchi wa wilaya, na mikutano yao iko chini ya Sheria ya Brown ya mwaka 1953, inayotaka mabaraza ya serikali za mitaa yafanye kazi hadharani. Ajenda ya mkutano wa kawaida lazima ibandikwe si chini ya saa 72 kabla ya kikao. Mambo nyeti ya mfanyakazi, kama nidhamu na tathmini, yanaweza kujadiliwa faraghani. Lakini ajira mpya na kustaafu kwa desturi huwekwa kwenye orodha ndefu inayopitishwa kwa kura moja, bila mjadala: jina, cheo, siku ya mwisho ya kazi. Mkutano ulikuwa Jumanne jioni. Ajenda ilipandishwa Alhamisi. Jina la Bi. M. lilikuwa humo, mstari mmoja katikati ya mistari mingine.

Alipotia saini barua ya kustaafu aliambiwa kwamba «itapelekwa kwenye bodi». Akaelewa kama ambavyo yeyote angeelewa: bodi itakaa, itapitisha, halafu jambo litakuwa rasmi. Hakuna aliyemweleza kwamba siku kadhaa kabla ya wadhamini kuketi, yeyote mwenye simu angeweza kuusoma ule mstari. Mpango wake ulikuwa kuwaambia wenzake wa madirisha Jumatano asubuhi, kwa mdomo wake, wakiwa wanne tu kabla ofisi haijafunguliwa.

Kipande cha pili kilitoka upande wa likizo. Mfanyakazi wa kundi lake anayefanya kazi mwaka mzima hupata siku 12 za likizo ya ugonjwa kwa mwaka. Mtu anayehudhuria matibabu kila wiki huzimaliza upesi, hata akiwa amejiwekea akiba ya miaka. Sheria ya elimu ya California inaruhusu wilaya ziwe na mpango wa wafanyakazi kumchangia likizo mwenzao aliyepatwa na ugonjwa mzito: unatoa saa kutoka kwenye akiba yako, mchango hauanzi chini ya saa nane, na ukishatoa hurudishiwi. Ni mpango mzuri, kati ya mazuri niliyoyaona kwenye ajira za umma. Utumishi walitoa ombi kama inavyopaswa, bila jina: mfanyakazi mmoja wa huduma za wanafunzi anahitaji saa.

Msimamizi wa Bi. M. alilipokea, akaona maneno makavu, akaogopa kwamba watu hawatachangia mtu wasiyemjua. Akalisambaza kwa wakuu wenzake wachache, na juu yake akaandika mstari wake: huyu ni M. wangu, tafadhali sana. Mmoja wao akampelekea mhariri wa jarida «kama utaweza kusaidia kutangaza».

Ijumaa asubuhi, basi, mhariri alikuwa na vitu viwili mezani. Kimoja kinasema anastaafu. Kingine kinasema anaumwa. Cha kwanza kilikuwa cha umma kwa mujibu wa sheria, cha pili kilikuwa ombi la msaada lililotumwa kwa nia safi. Alipoviweka ndani ya aya moja, ikazaliwa taarifa ya tatu ambayo haikuwa kwenye ajenda wala kwenye barua pepe: anastaafu *kwa sababu* anaumwa, na bila shaka hali si nzuri. Hiyo taarifa ya tatu ilikuwa ya Bi. M. peke yake. Hakuwa ameitoa kwa mtu.

Ukiisoma habari tena kwa utulivu, kinachouma zaidi ni yale maneno matatu, «kama wengi mnavyojua». Waandishi wa salamu wanayapenda kwa sababu yanapunguza ukali. Yanasema sisi wote ni wa ndani, hatufichuani. Kazi yake halisi ni kinyume. Walioijua habari hawakuihitaji. Wasioijua ndio walioambiwa, na wakaambiwa pia kwamba wamechelewa, kwamba wenzao walishajua. Wenzake watatu wa madirisha, waliokaa naye bega kwa bega miaka na miaka, walisoma hapo kwamba «wengi» wanajua jambo ambalo wao hawakuambiwa. Mmoja alilia, na kilichomliza kilikuwa kule kuachwa nyuma.

Skrini

Jarida lilikuwa la wafanyakazi. Hilo lilisemwa mara nyingi baadaye, kwa kujitetea, na kwa barua pepe ni kweli. Lakini mwaka mmoja nyuma chuo kiliweka skrini kubwa kwenye kumbi, na ili mhariri asiandike mara mbili, mfumo ukaunganishwa na jarida: kila habari yenye picha inachukuliwa na kuzungushwa, sekunde chache kwa kila moja. Wazo lilikuwa kutangaza matukio. Mfumo haujui tukio ni lipi na mtu ni yupi.

Habari ya Bi. M. ilikuwa na picha, iliyopigwa kwenye mkutano wa ufunguzi wa muhula, akiwa anacheka. Ukumbi wa usajili una skrini moja, na imetundikwa ukutani mkabala na madirisha, ili walio kwenye foleni wakigeuka waione. Walioketi nyuma ya madirisha wanaiona muda wote.

Saa kumi na dakika chache jioni bado kulikuwa na wanafunzi kwenye foleni. Skrini ilionyesha tarehe ya mwisho ya kuacha somo, ikaonyesha ghala la chakula, ikaonyesha uchangiaji damu, halafu ikaonyesha uso wake na sentensi zake tatu. Alikuwa anamhudumia kijana aliyekuwa na tatizo la ada. Kijana ndiye aliyegeuka, akasoma, akarudi na kusema pole. Alimaliza kumhudumia, wenzake wanasema alimchapishia hata risiti. Akafunga dirisha, akachukua koti.

Nimeuliza zaidi ya mtu mmoja ni nani alipaswa kukumbuka skrini. Mhariri hakuziweka yeye. Idara ya teknolojia iliunganisha kama ilivyoombwa, na aliyeomba alishahama. Hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo ningependa wakuu wa vyuo waisome mara mbili, maana lawama nyingi zilimwangukia mhariri wakati uamuzi mkubwa zaidi, wa kugeuza jarida la ndani kuwa tangazo la hadharani, ulishafanywa kwa mbofyo mmoja na mtu ambaye hakuwa na habari ya kutangaza.

Wikiendi ya barua pepe

Habari iliondolewa kwenye skrini ndani ya saa moja. Barua pepe haiondolewi. Jumamosi makamu wa rais akatuma ujumbe kwa wafanyakazi wote: chuo kinasikitika kwamba jarida la jana lilitaja taarifa za kiafya za mwenzetu mmoja, na kinaomba wote waheshimu faragha yake. Ujumbe haukutaja jina. Haukuhitaji. Waliokuwa hawajafungua jarida la Ijumaa, na Ijumaa jioni wengi hawalifungui, walilifungua Jumamosi asubuhi kumtafuta mwenzetu mmoja ni nani. Wasomaji wakaongezeka, na walioongezeka ndio wale wasiomfahamu.

Kuomba radhi hadharani kwa jambo la faragha ni kosa ambalo taasisi hurudia kwa sababu linaonekana kama uwajibikaji. Radhi ilipaswa kwenda kwa mtu mmoja, kwa simu, na kutoka kwa mtu mwenye cheo cha kutosha kusema «nisamehe» bila kumsubiri wakili. Simu hiyo ilipigwa Jumatatu mchana. Bi. M. hakuipokea.

Kilichofuata ni mabishano ya sheria, na humo watu wengi walipotea njia. Neno lililosikika kila mahali lilikuwa HIPAA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 kuhusu taarifa za afya. Wamarekani wengi wanaitaja kila ugonjwa unapotajwa. Sheria hiyo inawabana hasa watoa huduma za afya, kampuni za bima ya afya na wanaowafanyia kazi. Kumbukumbu za ajira zilizo mikononi mwa mwajiri kama mwajiri zimeachwa nje. Wakili wa wilaya alilisema hilo na alikuwa sahihi, lakini wakuu kadhaa wakalisikia kama ruhusa: basi hatukuvunja kitu.

Kuna sheria nyingine, zenye jina lisilovuma. Sheria ya shirikisho ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inamtaka mwajiri aweke taarifa za kitabibu alizozipata kwa mfanyakazi kwenye mafaili ya peke yake na kwa siri. California nayo ina sheria ya usiri wa taarifa za matibabu, ya mwaka 1981, ambayo ina sehemu inayomgusa mwajiri moja kwa moja. Chama kilisimamia hapo, na hoja yake kuu haikuwa juu ya jarida. Ilikuwa juu ya ule mstari wa msimamizi, «huyu ni M. wangu». Ombi la utumishi lilikuwa limeficha jina kwa makusudi, msimamizi alilirudisha. Ukimwondoa mhariri na jarida lake kwenye kisa hiki, bado wakuu kadhaa wasingestahili kujua walichokijua.

Nakubaliana na chama kuhusu pale mambo yalipoanzia, ila sipendi namna msimamizi alivyochorwa kwenye malalamiko yale, kama mtu mzembe. Alikuwa amemfanyia kazi Bi. M. ratiba ya matibabu kwa miezi, akikaa dirishani mwenyewe siku ambazo hakuwepo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ombi lisilo na jina hupata saa pia. Hupata. Watu huchangia wasiowajua, hasa makarani, ambao wengi wao wamewahi kuhitaji.

Kuna waliosema, na mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu anayefundisha huko, kwamba mficha maradhi kilio humfichua; angesema mapema asingefikwa na haya. Methali ni ya kweli kwa mtu anayejificha asitibiwe. Bi. M. alikuwa anatibiwa, mkuu wake anajua, utumishi wanajua, familia inajua. Alichokuwa amebakiza ni kuchagua siku ya kuwaambia wengine.

Wanafunzi walikuwa na kisanduku

Jarida hilohilo la Ijumaa lilikuwa na orodha ya wanafunzi waliopata ufadhili, pamoja na picha. Hakuna aliyelalamika, na haikuwa bahati. Tangu mwaka 1974 kumbukumbu za wanafunzi zinalindwa na sheria ya shirikisho. Chuo kinaweza kutangaza mambo ya jumla, kama jina, fani na tuzo, lakini lazima kiwaambie wanafunzi ni mambo gani hayo na kiwape nafasi ya kukataa. Mwanafunzi anaweka alama, jina lake linazuiwa kwenye mfumo, na mhariri hupewa orodha iliyokwisha chujwa. Aliyekuwa akisimamia alama hizo kwa miaka, akiwaelezea vijana kwa upole nini maana ya kukataa, ni ofisi ya udahili na kumbukumbu. Bi. M. mwenyewe alikuwa mmoja wa walioifanya kazi hiyo. Yeye kama mfanyakazi hakuwa na kisanduku cha kuweka alama.

Pengo hili ni kubwa kuliko ugonjwa. Chukua sehemu ya Karibuni, ambayo kila mtu huiona haina madhara: mfanyakazi mpya, picha, idara, alikotoka. California ina mpango wa serikali ulioanza 1999 wa kuficha anwani za watu waliokimbia ukatili wa nyumbani na wanaofuatiliwa. Mtu wa namna hiyo naye hutafuta kazi, na kazi za vyuo vya jamii zinawafaa wengi. Picha yake ya kukaribishwa, ikiwa na jina la kampasi na saa za ofisi, inabatilisha kila alichofanya kujificha. Na hatamwambia mhariri asiyemjua kwa nini hataki kupigwa picha. Atasema tu «sipendi picha», na pale chuoni jibu la kawaida kwa maneno hayo lilikuwa kucheka na kuinua kamera.

Kunyamaza nako kuna gharama

Uamuzi wa kwanza wa chuo ulikuwa kufunga mlango. Hakuna tena Wanaostaafu, Pole wala Hongera. Jarida litakuwa la matukio tu, hadi ipatikane sera. Kwa wakili ilikuwa salama. Wiki chache baadaye akafariki mtunza bustani mstaafu, mtu aliyepanda nusu ya miti ya kampasi ya zamani. Familia ilipiga simu chuoni ikiomba tangazo. Ikaambiwa jambo liko kwenye sera. Wafanyakazi wenzake walipata habari baada ya mazishi, wengine dukani, kwa mwanawe. Malalamiko yaliyokuja safari hii hayakupitia chama. Yalikuja kwa watu kusimama mbele ya meza ya mhariri, ambaye hakuwa na la kuwajibu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani faragha inalindwa kwa kutosema. Mkuu wa kitengo akistaafu, chuo hutoa taarifa kwa vyombo vya habari, bodi humpa azimio lililowekwa kwenye fremu, gazeti la mji huandika. Mfanya usafi akistaafu, anachopata ni aya moja kwenye jarida la Ijumaa. Ukilifuta jarida umewanyima walio chini kitu ambacho walio juu wanakipata kwa njia nyingine. Na watu wengi wanataka kutangazwa! Wanataka picha, wanataka miaka yao ihesabiwe mbele za watu, wanataka kuombewa kwa jina. Bi. M. mwenyewe hakukataa keki. Alikataa kupangiwa siku na maneno.

Utaratibu uliofuata ulitungwa na mhariri akiwa na karani mmoja wa udahili na mwakilishi wa chama, bila kamati kubwa, na labda ndiyo maana unasomeka. Ni fomu ya ukurasa mmoja. Inauliza unataka kisemwe nini, nini kisisemwe, kuanzia siku gani, na kiishie wapi: barua pepe ya ndani tu, au na skrini. Mhariri haandiki habari ya mtu aliye hai bila kuongea naye, hata kama jina liko kwenye ajenda, hata kama bosi wake ameshathibitisha. Asipompata, habari inasubiri jarida lijalo. Kwa msiba, familia inataja mtu mmoja wa kusema kwa niaba yake, na chanzo cha kifo hakiandikwi isipokuwa wao ndio walioomba. Skrini zimekatwa kutoka kwenye jarida. Kinachoingia huko sasa kinapandishwa kwa mkono. Maombi ya kuchangiwa likizo yanatoka utumishi peke yao, na msimamizi akiyasambaza anasambaza kama yalivyo.

Mhariri analalamika kwamba jarida limekuwa na uzito, kwamba zamani lilimchukua asubuhi moja na sasa linakula siku nzima za simu. Ni kweli. Lakini anakiri pia kwamba simu hizo zinamletea habari bora. Mtu ukimuuliza anataka kisemwe nini, hakwambii «alitumikia kwa uaminifu». Anakwambia juu ya ule mwaka mfumo wa usajili ulipozima siku ya kwanza ya muhula na wakaandikisha watu kwa kalamu hadi usiku.

Yaliyobaki

Bodi ilimpitisha Bi. M. Jumanne ileile, pamoja na wengine wote, kwa kura moja, bila jina lolote kusomwa. Chombo ambacho sheria inakilazimisha kufanya mambo hadharani ndicho kilichosema machache zaidi juu yake wiki ile. Keki ilifutwa. Malalamiko ya chama yalimalizwa kwa makubaliano, na sehemu yake ninayoijua ni kwamba saa zilizochangwa zilibaki zake hadi siku ya mwisho ya kazi, na orodha ya wote waliopokea ule ujumbe wenye jina ilikabidhiwa kwake. Hiyo orodha ndiyo aliyoiomba kabla ya kitu kingine chochote.

Ajenda bado inataja majina. Mjumbe mmoja wa bodi aliuliza kama haiwezekani kuichelewesha hadi mfanyakazi awe tayari, akajibiwa kwamba saa 72 ni saa 72. Kilichobadilika ni kwamba utumishi sasa humpigia simu kila aliye kwenye orodha siku mbili kabla ajenda haijapandishwa: jina lako litaonekana Alhamisi, kama kuna wa kumwambia mwambie kabla. Mtu akitaka tarehe yake isogezwe hadi mkutano ujao, na pensheni yake haitaathirika, inasogezwa.

Walimu wa muda hawamo kwenye yote haya. Wengi wao hawastaafu kwa barua. Muhula mmoja hawapangiwi darasa, na ndiyo imetoka. Jina haliendi kwenye bodi, utumishi hawapigi simu, na fomu ya mhariri haimfikii mtu ambaye anwani yake ya barua pepe ya chuo imeshafungwa. Mwakilishi wao aliliuliza hilo kwenye kikao cha kupitisha utaratibu. Likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kuwa litajadiliwa muhula ujao.